Vumbi la Rangi ya Zamani: Sheria Imefika Kwenye Mkebe, Haijafika kwa Fundi

Kila Shaaban ikiingia, mitaa ya Mji wa Kale hapa Mombasa hunuka rangi. Ndiyo ada yetu. Ramadhani ikikaribia mapazia hufuliwa, mazulia hupigwa vumbi, na fundi wa rangi huitwa. Mwaka huu nilikuwa kwa shangazi yangu, katika nyumba ya ghorofa moja aliyoirithi kwa babake, tunakunywa chai na mahamri ukumbini. Fundi alikuwa barazani akiyatengeneza madirisha ya mbao kabla ya kuyapaka upya. Alikuwa ameshika grinda yenye msasa, na kila akiigusisha mbao vumbi lilipaa kama moshi wa mkaa mbichi. Rangi zilikuwa tabaka juu ya tabaka: buluu, chini yake kijani, chini yake nyeupe, na chini kabisa nyekundu ya kutu. Wajukuu wawili wa shangazi walikuwa wakicheza pale pale chini, mmoja ana miaka miwili na hamri mkononi.

Nilichukua video fupi nikamtumia shemeji yangu anayeishi karibu na Seattle, jimbo la Washington, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo ya kupaka rangi majumba. Nia yangu ilikuwa kumwonyesha nyumba inavyorudi kupendeza. Jibu lake lilikuja kwa sauti, na halikuwa la kusifu. "Shemeji, kwanza watoe hao watoto hapo. Halafu mwambie fundi azime hiyo mashine. Huku mimi nikifanya hivyo kwenye nyumba ya zamani, tajiri wangu atapigwa faini na mimi sina kazi."

Nilimuuliza sababu. Alinieleza habari ya kadi aliyo nayo, mafunzo aliyopitia na sheria inayomhusu. Tangu siku hiyo nimesoma sana juu ya jambo hili, na nimeona linatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Risasi isiyolia

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili: risasi itokayo kwenye bunduki, na risasi ile madini laini mazito. Hii ya pili haina mlio, lakini nayo inaumiza. Kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi duniani waliichanganya kwenye rangi za mafuta kwa sababu inaipa rangi ung'avu, inaifanya ikauke haraka na inaifanya idumu juani na mvuani. Rangi kali kama manjano, chungwa na nyekundu ndizo zilizozoea kuwa nayo nyingi, pamoja na ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu inayopakwa vyuma.

Rangi hiyo ikiwa imeshika vizuri ukutani, madhara yake ni madogo. Balaa huanza inapobabuka, inapokwanguliwa au inapochomwa. Hapo hugeuka vumbi ambalo jicho halilioni. Vumbi hutua sakafuni, kwenye kizingiti cha dirisha, kwenye mkeka na kwenye mchanga wa uani. Mtoto anatambaa juu yake, kisha anatia mkono mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua, hupunguza akili na usikivu wa mtoto darasani, huleta upungufu wa damu, na kwa wingi mkubwa huleta kifafa, kupoteza fahamu na kifo. Kwa mtu mzima huharibu figo na kupandisha presha ya damu. Mama naye aliyeipata zamani huihifadhi mifupani, na akishika mimba inaweza kutoka na kumfikia mtoto tumboni. Ubongo ukishaharibika, hakuna dawa ya kuurudisha.

Ugumu wake ni kwamba mtoto huyu haonekani mgonjwa. Anaonekana mzito wa kushika masomo, mkaidi au mvivu. Tunampeleka kwa mwalimu achapwe, au tunasema ametupiwa jicho.

Marekani walifanya nini

Marekani walipiga marufuku rangi yenye risasi nyingi majumbani mwaka 1978. Kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa kwenye rangi mpya kilikuwa sehemu 600 kwa kila milioni, na mwaka 2009 kikashushwa hadi 90. Kufikia hapo ungedhani kazi imekwisha. Lakini sheria ya 1978 ilihusu rangi ya dukani tu. Ile iliyokwisha kupakwa kwenye mamilioni ya nyumba ilibaki pale pale, na kila nyumba ilipotengenezwa vumbi lilianza upya.

Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, alifariki mtoto wa kike wa miaka 2 kwa sumu ya risasi. Familia yake ilikuwa ya wakimbizi kutoka Sudan, ndiyo kwanza imefika. Walikimbia vita, wakavuka bahari, wakapewa makao katika nyumba kuukuu yenye rangi iliyobabuka. Majuma machache baadaye mtoto hakuwepo. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu, ambao wamepelekwa katika miji ya Marekani na kupewa nyumba za kodi ya chini, ambazo mara nyingi ndizo za zamani.

Mwaka 2008 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 22 Aprili 2010. Badala ya kuuliza kuhusu mkebe wa rangi, kanuni hii inamuuliza fundi. Inamhusu yeyote anayelipwa kutengeneza nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, au shule ya chekechea na mahali pengine panapolelewa watoto wa chini ya miaka 6. Ikiwa kazi itagusa zaidi ya futi 6 za mraba za rangi katika chumba kimoja, au zaidi ya futi 20 za mraba kwa nje, au kama dirisha linang'olewa, kanuni inamshika.

Matakwa yake si ya ajabu. Kampuni, hata kama ni ya mtu mmoja, lazima iwe na cheti, na ada ya EPA ni dola 300 kwa miaka 5. Kila kazi lazima isimamiwe na fundi aliyehudhuria mafunzo ya saa 8, sehemu yake ikiwa ya vitendo. Vibarua wake si lazima wawe na cheti chao, yeye anaweza kuwafundisha pale kazini. Kabla ya kuanza, mwenye nyumba au mpangaji anapewa kijitabu kinachomweleza hatari. Sakafu inatandikwa nailoni, chumba kinafungwa na ilani inawekwa. Kuchoma rangi kwa moto ni marufuku, na mashine ya msasa haitumiki isipokuwa imeunganishwa na kivuta vumbi chenye chujio maalumu. Kazi ikiisha pahali panasafishwa hadi pakaguliwe, na karatasi za kazi hiyo zinahifadhiwa miaka 3.

Sheria hiyo inaruhusu pia jimbo kuchukua usimamizi likitaka, mradi kanuni zake zisiwe dhaifu kuliko za serikali kuu. Majimbo zaidi ya 10 yamefanya hivyo, yakiwemo Massachusetts, Wisconsin, North Carolina, Georgia na Washington anakoishi shemeji yangu. Kwa hivyo cheti chake hakitoki Washington, D.C. bali kwa serikali ya jimbo lake. Sisi tulio na kaunti tuliangalie jambo hilo kwa makini.

Je, imefaulu?

Si vizuri kuisifu sheria ya watu kama kwamba haina matundu. Hii inayo. Mwenye nyumba anayekwangua nyumba yake mwenyewe hahusiki nayo, ingawa vumbi lake ni lile lile. Mafundi wa vichochoroni wasio na cheti wapo huko pia, nao hutoza bei ya chini. Hata makampuni makubwa yameteleza. Desemba 2020 Home Depot, duka kubwa la vifaa vya ujenzi, lilikubali kulipa faini ya dola milioni 20.75 baada ya serikali kudai kwamba lilituma mafundi wasio na cheti majumbani mwa wateja. Miaka 6 kabla yake, Lowe's ililipa dola 500,000 kwa madai ya namna hiyo.

Kuna waliolalamika kwamba kanuni inaongeza gharama, na kwamba nyumba isiyo na mtoto ingeachwa. Mwanzoni kanuni iliruhusu hivyo: mwenye nyumba asiye na mtoto mdogo wala mja mzito angeweza kutia saini na kuepuka utaratibu. Mwaka 2010 ruhusa hiyo iliondolewa. Mantiki yake iko wazi. Vumbi haliulizi leo nani anaishi hapa, na mwaka ujao nyumba inaweza kukodishwa kwa familia yenye watoto.

Hata hivyo, faida moja haikataliki. Kule mteja ana neno la kumuuliza fundi: "Cheti chako kiko wapi?" Na fundi mwenye cheti ana neno la kumjibu mteja anayetaka kazi ya haraka: "Sheria hainiruhusu." Hapa kwetu hakuna mwenye neno.

Sisi tuko wapi

Kenya haikulala kabisa. Viwango vya Shirika la Viwango nchini, KEBS, vimeweka kikomo cha risasi kwenye rangi mpya kuwa sehemu 90 kwa kila milioni, sawa na Marekani. Hilo ni jambo jema, na likisimamiwa madukani litawakinga wanaojenga leo. Lakini tuko mahali Wamarekani walipokuwa mwaka 1978. Sheria yetu imefika kwenye mkebe, haijafika kwa fundi.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Inasajili wakandarasi kwa daraja, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na inawatambua pia mafundi stadi. Ukipita barabarani utaona bao la NCA mbele ya kila jengo refu linalojengwa. Lakini fundi anayeitwa kwa simu kuja kukwangua madirisha ya shangazi hana bao, wala hakuna anayemuuliza anavyolishughulikia vumbi.

Kwa haki, lazima niseme jambo la kututuliza. Si kila ukuta wetu ni wa kushukiwa. Nyumba za mawe za Mombasa na Lamu zilijengwa kwa matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na wazee walizipaka chokaa nyeupe. Chokaa haina risasi. Penye kushukiwa ni pale rangi ya mafuta ilipopita kabla ya viwango vipya: milango, madirisha, roshani za mbao, mageti, vyuma vya madirisha, vitanda vya chuma na madawati. Kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina. Hujulikana kwa kupimwa tu, na ambayo haijapimwa busara ni kuichukulia kuwa inayo. Ndivyo kanuni ya Marekani inavyofanya: nyumba ya kabla ya 1978 inahesabiwa kuwa na risasi mpaka ithibitishwe haina.

Mtu asiniambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Risasi tunaijua. Iko Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa makazi ya watu mwaka 2007. Mamake mtoto mmoja aliyeathirika, Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, ndiye aliyeinuka kuwatetea majirani, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikakatwa, uamuzi ukatanguliwa, na ilibidi wafike Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirudisha fidia hiyo.

Hesabu miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 mahakama ilipotoa neno la mwisho. Pesa ni haki yake, lakini ubongo alioukosa darasa la kwanza haununuliki kwa bilioni. Wazee walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Owino Uhuru tunaujenga ukuta. Vumbi la rangi bado ni ufa.

Wasiwasi wa fundi

Najua swali litakalokuja, kwa sababu fundi wa shangazi aliniuliza papo hapo nilipomweleza habari ya cheti. "Kwa hivyo mnataka kutuongezea leseni nyingine?" Na ana haki. Kijana wa Kisauni au Likoni anayepata kazi mbili kwa wiki hawezi kutoa dola 300. Ukimwekea kizuizi cha ada, moja kati ya mawili litatokea: ataacha kazi, au atanunua cheti bila kufundishwa. Sote tunajua namna stakabadhi zinavyopatikana nchi hii. Cheti cha kununuliwa ni kibaya kuliko kutokuwa na cheti, kwa sababu kinampa mteja amani ya uongo.

Lakini tusisahau nani anaumia kwanza. Shangazi anakaa na vumbi lile siku tatu kwa miaka kumi. Fundi anakaa nalo kila siku ya kazi. Analivuta, analila na chapati yake ya saa nne, kisha anarudi nalo nyumbani kwenye shati na nywele, anamkumbatia mwanawe. Kanuni hii, ikitungwa kwa insafu, inamkinga yeye kabla ya mteja.

Kwa hivyo tusiiige ya Marekani kama ilivyo. Tuchukue kiini chake, yaani fundi afundishwe, mteja aambiwe, vumbi lizuiwe, na tuyapange yanayolingana na mifuko yetu.

Kaunti inaweza kuanza kesho

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti afya, nyumba, leseni za biashara, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Vitu vyote vinavyohitajika kwa jambo hili viko mkononi mwa kaunti tayari.

La kwanza, somo la siku moja, bila malipo au kwa ada ndogo, katika vyuo vya ufundi vya kaunti. Liingizwe pia kwa wanaojiandaa na mitihani ya ufundi ya serikali, ile wanayoiita gredi testi. Wakufunzi wapo na vifaa ni vya bei nafuu.

La pili, kaunti ianze na majengo yake yenyewe. Zabuni yoyote ya kupaka rangi chekechea, zahanati au nyumba za kaunti iwe na sharti kwamba msimamizi wa kazi awe amepita somo hilo. Hapo hapatatokea fundi wa kusema analazimishwa. Atakwenda mwenyewe kwa sababu kazi iko huko.

La tatu, Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Lamu, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, tayari una utaratibu wa kuomba idhini kabla ya kugeuza nyumba. Fomu ile ile iongezwe ukurasa mmoja juu ya rangi ya zamani, kwa Kiswahili chepesi, mwenye nyumba na fundi watie saini.

La nne, hospitali zetu kubwa ziwe na uwezo wa kupima risasi kwenye damu ya watoto kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaimudu. Kisichopimwa hakiingii kwenye bajeti.

Na kamati za madrasa zisingoje kaunti. Chuo cha Kurani chenye madirisha ya zamani na watoto mia moja chini yake ni mahali pale pale ambapo sheria ya Marekani ingepashika kwanza. Likizo ya madrasa ndio wakati wa kukwangua, si wiki ya masomo.

Kwa wakati huu

Mpaka sheria ije, yapo ambayo kila nyumba inaweza kufanya kwa ndoo, sabuni na nailoni. Watoto na waja wazito waondoke nyumba hiyo hadi kazi iishe na pasafishwe. Tandika nailoni chini na funga mlango wa chumba. Fundi aloweshe rangi kwa maji kabla ya kukwangua, atumie msasa wa maji, asitumie grinda kavu wala moto. Barakoa ya kitambaa haitoshi, avae ile ya kuzuia vumbi laini. Kazi ikiisha usifagie kwa ufagio mkavu, maana utalirusha vumbi tena. Pangusa kwa tambara la maji na sabuni mara mbili, tatu. Magamba ya rangi yafungwe kwenye mfuko, yasitupwe uani wala yasichomwe. Fundi abadilishe nguo na aoge kabla ya kushika mtoto. Na kama rangi ya zamani imeshika imara, haibabuki, usiikwangue kabisa. Ipake juu yake.

Fundi wa shangazi aliizima grinda. Kwanza alicheka, kisha nikamwekea ile sauti ya shemeji, akanyamaza akasikiliza hadi mwisho. Alifanya kazi iliyobaki kwa maji na msasa wa mkono. Ilimchukua siku moja zaidi, na shangazi alimlipa siku hiyo bila kunung'unika. Alipomaliza aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, nami nalipeleka kwa waheshimiwa wetu wa bunge la kaunti: "Hilo somo la siku moja, hapa Mombasa mtu analisomea wapi?"